Sahihi ya Muhula wa Likizo

Mwaka wangu wa tatu wa kusomea sheria uliniachia masomo mawili ambayo sikuyafanyia mtihani. Sikuanguka. Nalisema hili mapema kwa sababu nimelieleza kwa watu wengi mno, na kila nikieleza huona machoni mwao kwamba hawaamini. Nilizuiwa mlangoni. Karo haikuwa imekamilika, jina langu halikuwa kwenye orodha, na mitihani miwili ikapita nikiwa nimekaa kwenye ngazi za maktaba na kalamu mbili mpya mfukoni.

Masomo hayo yangeweza kufanywa katika muhula wa likizo, ule wa Juni hadi Agosti, wakati wanafunzi wengi wako makwao na chuo kinabaki na walinzi, paka, na watu wenye shida kama yangu. Bila hayo nisingeingia mwaka wa nne. Ningekaa nyumbani mwaka mzima nikisubiri yafundishwe tena, na nilijua mwaka wa namna hiyo huishia wapi. Kuna msichana tuliyemaliza naye sekondari ambaye aliahirisha masomo kwa mwaka mmoja. Anauza mitumba Masimba, ana watoto wawili, na ukimwuliza atakwambia amebakiza mwaka mmoja tu. Nilimwogopa msichana huyo kuliko nilivyowahi kuogopa mtihani.

Mkopo wa serikali hulipia mihula miwili ya kawaida. Wa likizo haumo. Niliambiwa hivyo kwa simu, baada ya kusubiri muda mrefu, na mtu aliyekuwa akitafuna kitu. Nilimshukuru. Siku hizo nilikuwa nikimshukuru kila mtu.

Ikabaki basari ya wadi, ule msaada wa karo unaogawiwa na kamati ya pale nyumbani.

Kwetu ni mbele kidogo ya Sironga ukitoka Nyamira mjini. Baba alifariki nikiwa darasa la tano na amezikwa kando ya migomba. Nimelelewa na mama, kwa majani chai, ndizi na ukaidi wake. Tangu nipate barua ya kujiunga na chuo, kijiji kizima kiliniita Wakili, na jina hilo lilikuja na kazi. Wakili, hebu nisomee barua hii ya shamba. Wakili, ng'ombe wa jirani amekula mahindi yangu, sheria inasemaje? Mimi mwenyewe nilikuwa sijui sheria inasemaje, nilikuwa bado nadaiwa karo ya kuisoma.

Sasa lazima nieleze habari ya sahihi. Mama aliacha shule darasa la nne. Kusoma anasoma, tena Biblia ya Ekegusii huisoma haraka kuliko wazee wa kanisa, lakini kuandika kulimshinda na kulimtia haya. Nikiwa darasa la tatu nilimletea ripoti ya shule aitie sahihi. Alikuwa akipuliza moto, vidole vyeusi kwa utomvu wa chai, akasema bila kugeuka, "Niwekee wewe." Nikamwekea. Nikamtungia sahihi yenye herufi moja kubwa na mkia mrefu unaopinda kushoto. Kuanzia siku hiyo kila karatasi ya shule iliyohitaji mzazi niliitia mkia huo. Mwaka wa kwanza na wa pili wa chuo nilizijaza fomu za basari nyumbani, nikamwekea mama sahihi yake huku yeye akimenya ndizi kando yangu, chifu akapiga muhuri, msaada ukaja. Hatukuona kosa. Mwenye jina alikuwa ameketi palepale.

Mwaka wa tatu mambo yakabadilishwa. Ilisemekana kuna wazazi waliokuwa wakiombea basari watoto walioacha shule zamani, kwa hiyo kamati ikaamua kwamba mwanafunzi na mzazi waje wote wawili, wahojiwe, na mzazi atie sahihi mbele ya meza. Siwalaumu. Ningekuwa mimi ningeamua hivyohivyo. Tatizo lilikuwa siku. Walichagua Jumamosi.

Nusu ya wadi yetu ni Wasabato. Mama ni Msabato wa aina ile ambayo hata Wasabato wenzake humwona amezidi. Ijumaa kabla jua halijazama kuni ziko ndani, maji yako ndani, viatu vimepakwa rangi, na simu imezimwa. Jumamosi hachumi, hapiki, hanunui, haandiki. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mwalimu mstaafu, Mkatoliki, mtu mwema, na alieleza kwenye ujumbe wake kwamba siku za wiki wanakamati wako kazini na Jumapili wako misani. Akaongeza kwamba kusaidia mtoto si kazi, ni huruma.

Wazazi wengi walikubali maelezo hayo. Pale kanisani wiki hiyo walikumbushana habari ya ng'ombe aliyetumbukia shimoni siku ya Sabato, kwamba Yesu mwenyewe aliruhusu atolewe. Nilimletea mama habari hiyo kwa furaha, nikidhani nimepata kesi iliyokwisha kuamuliwa.

"Huyo ng'ombe," mama akasema, "hakuambiwa wiki mbili mapema kwamba ataanguka Jumamosi."

Ningeweza kubishana, na nilikuwa nimefundishwa kubishana, lakini nilikuwa nimechoka. Alisema atakuja, ataketi, atajibu atakaloulizwa. Nami nikajidanganya kwamba mtu akishafika mezani na kalamu ikiwa mbele yake, watu wakimtazama, ataandika tu. Nilidhani namjua mama yangu.

Tulitoka kanisani mchana tukaenda kwa miguu hadi ofisi ya wadi, yeye na gauni lake jeupe, mimi na bahasha ya vyeti. Ukumbi ulikuwa umejaa. Wengi walikuwa wazazi tuliotoka nao ibadani, na kila aliyemaliza alipita mbele ya mama akitazama sakafu. Tulipoitwa mwalimu mstaafu alivua miwani, akanitazama, akaivaa tena.

"Wakili, likizo shule hufungwa. Wewe Agosti unasoma nini?"

"Kuna muhula wa likizo, mwalimu. Nina masomo mawili ya kumalizia."

"Kwa hivyo ulianguka."

"Sikuanguka. Sikuruhusiwa kufanya mtihani kwa sababu ya karo. Nisipoyafanya sasa nitakaa nyumbani mwaka mzima."

Alitikisa kichwa polepole, akaandika kitu. "Sisi tumezoea kulipia mihula ya kawaida," akasema. "Lakini fomu haikatazi. Haya, mama aweke sahihi hapa."

Mama aliacha mikono yake mapajani. "Mwalimu, leo ni Sabato," akasema. "Siwezi kuandika."

Mwalimu alivuta pumzi. Nadhani alikuwa amekwisha kulisikia hilo siku hiyo na alijua namna ya kulijibu, lakini simu yake ikalia na akageuka ukutani kuipokea. Nikaona nafasi. Nilivuta fomu na kuinamia ule mstari, mkono wangu ukiwa tayari unaujua mkia unaanzia wapi. Nilikuwa nimefanya hivyo tangu nikiwa na miaka tisa. Nilifikiri namwondolea mzigo: sahihi itawekwa, na yeye hatakuwa ameandika.

Kiganja cha mama kikashuka juu ya karatasi.

"Amri unaijua?" akaniambia kwa Ekegusii, si kwa sauti kubwa. "Siku hiyo usifanye kazi yoyote, wewe, wala mwana wako, wala binti yako. Binti ni wewe. Umetajwa mle ndani, na bado unajifanya hujajiona."

Nilikuwa nimesoma sheria miaka mitatu, na mama wa darasa la nne alikuwa amenishinda kwa kifungu kimoja. Niliona aibu, halafu nikakasirika, na hasira ilikaa muda mrefu kuliko aibu. Mwalimu alipogeuka, fomu ilikuwa chini ya kiganja cha mama na kalamu mkononi mwangu. Alitutazama wote wawili.

"Jua linazama saa kumi na mbili na nusu," mama akamwambia. "Likizama nitaandika mwenyewe."

"Sisi saa kumi tunafunga, omong'ina," akasema, akimwita mama kwa heshima ya kwetu.

"Tutangoja nje."

Mwalimu alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyefundisha shule za msingi maisha yake yote. Akasema yeye nyumbani kwake si mbali, tumpelekee fomu jioni hiyo, isingoje Jumapili.

Tukangoja. Watu walikwisha, meza zikaingizwa ndani, mlango ukafungwa. Tuliketi kwenye benchi la nje, barazani. Nilikuwa na njaa. Nilikuwa nikihesabu moyoni watu wote waliotia sahihi dakika mbili wakaenda zao, na nilimchukia kila mmoja wao, na yeye pia kidogo. Yeye aliimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini, moja baada ya nyingine. Mwanga ulipoanza kupungua juu ya mashamba ya chai alisimama, akafunga Sabato kwa sala fupi, akamshukuru Mungu kwa siku, kwa chakula, kwa binti. Kisha akaketi, akanyoosha mkono, akasema, "Lete kalamu."

Aliandika jina lake lote. Herufi moja, akapumzika, herufi nyingine. Alikuwa ametoa ulimi nje kidogo kama mtoto. Herufi ya mwisho ilipanda juu ya mstari, akaitazama kwa wasiwasi, akaniuliza kama itakubaliwa. Nikasema itakubaliwa. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuona mwandiko wa mama yangu. Niliona pia, kwa sababu macho yangu yalikuwa yamefundishwa, kwamba sahihi hiyo haifanani hata kidogo na ile ya miaka miwili iliyopita. Nilikunja fomu, tukampelekea mwalimu kwake. Nilitaka kwenda nyumbani.

Wiki ya pili nikaitwa Nyamira mjini, ofisi ambako mafaili ya wadi zote hupelekwa kabla ya malipo. Karani alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye sweta ya rangi ya zambarau. Alizipanga fomu zangu tatu mezani, za mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu.

"Hizi mbili ziko sawa," akasema. "Lakini hii ya sasa iko na shida. Hii si sign ya mama yako."

"Ni yake."

"Dada, mimi nimeona hizi vitu miaka mingi. Hii mtu ameandika kama mtoto. Wewe unasomea sheria, unajua kuandikia mzazi sahihi ni nini."

Nilijua. Nilikuwa najua vizuri kuliko yeye. Sahihi moja ya kweli katika maisha yangu yote ya shule ilikuwa imelala mbele yetu, na ndiyo iliyoshukiwa. Jibu la kweli lilikuwa fupi: hizi mbili ni zangu, hiyo ni ya mama. Lakini nilijua pia jibu hilo lingekwenda wapi. Basari ya miaka miwili ingechunguzwa, barua ingetumwa chuoni, na siku nitakayoomba kuapishwa kuwa wakili, barua hiyo ingekuwa ikinisubiri. Muhula wa likizo ungekuwa jambo dogo la kulilia.

Karani alinionea huruma, na huruma yake ndiyo iliyoniponza, kwa sababu alinipa jibu.

"Ama mama aligonjeka?" akauliza.

"Ndiyo," nikasema.

"Mkono?"

"Mkono wa kulia. Ulipooza kidogo. Mwaka jana."

Ilikuwa rahisi. Alisema pole, akachukua karatasi, akaandika kwamba mzazi alipata maradhi ya mkono, na kwamba mwandiko wake umebadilika. Nikatia sahihi chini, yangu mwenyewe, ya kweli. Aliniambia niende salama na nimpelekee mama salamu. Nilitoka nje nikasimama kwenye jua la Nyamira, na nilichohisi hasa kilikuwa nafuu. Natamani ningeweza kuandika kwamba nilihisi kitu kingine.

Nilifanya kosa moja ambalo mtu wa kwetu hapaswi kulifanya. Kwetu huwezi kumaliza mazungumzo na mtu bila kujua ametoka wapi na ameolewa wapi. Hata muuza sukari tunamwuliza. Siku hiyo nilikuwa nimechoka na nimeogopa, nikaondoka bila kuuliza. Karani ameolewa Sironga, nyumba chache kutoka kanisa letu.

Mama aliniuliza walichosema ofisini. Nikamwambia waliuliza kama sahihi ni yake, nami nikasema ni yake.

"Ukasema hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Alifurahi. Alirudia mara mbili au tatu siku hiyo, akiwa jikoni, kwamba walimwuliza mtoto na mtoto akasema kweli.

Sabato iliyofuata, alasiri, tulisikia wimbo ukija njiani. Walikuwa akina mama wa Dorkasi, wale wa kanisani wanaotembelea wagonjwa na wafiwa siku hiyo baada ya ibada. Wanane, na vitambaa vyao vya kichwa, na kikapu cha maparachichi. Mama alitoka ndani kuwapokea akiwa ameshika chupa ya chai kwa mkono wa kulia. Alidhani wanapita kwenda kwa mgonjwa fulani na wamesimama kunywa.

"Ulitufichia," kiongozi wao akasema. "Tumesikia mkono wako ulipooza, na wewe unakuja kanisani unanyamaza. Mambo ya ofisini yamefika kwetu kabla yako. Tumekuja kukuombea."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Mama alinitazama. Hakunitazama muda mrefu. Nimewahi kuona majaji wakitazama watu kwa muda mrefu zaidi kabla ya kuamua. Kisha akaihamisha chupa ya chai polepole, akaishika kwa mkono wa kushoto, na ule wa kulia akauacha uning'inie.

"Sikutaka kuwasumbua," akasema. "Unaendelea vizuri kidogo."

Wakaingia. Waliuzunguka mkono ule kwenye kochi, wakaushika kwa zamu, mmoja akaupaka mafuta, wakaomba kwa machozi. Mama alikuwa amefumba macho. Baada ya amina walimwambia ajaribu kufunga ngumi, naye akaifunga nusu, polepole, akaiacha. Mwanamke huyu hakukubali kuandika jina lake siku ya Sabato, na sasa alikuwa akidanganya watu wanane waliopiga magoti sebuleni mwake, Sabato ileile, kwa ajili yangu.

Jioni nilimwomba msamaha. Nilijieleza kama mtu aliye kizimbani: nini kingetokea, barua ingefika wapi. Alinisikiliza akiwa amekaa kwenye kigoda. Nilimwambia nitarudi Nyamira Jumatatu niseme kweli.

"Ukisema kweli utasoma?"

"Hapana."

"Basi nenda usome," akasema. "Umekwisha kunigonjesha. Usinigonjeshe bure."

Basari ikalipwa. Nilisoma muhula wa likizo. Ingependeza kusema kwamba nilisomea ushahidi, au maadili ya uwakili, na kwamba mhadhiri alisema jambo likanichoma. Yalikuwa masomo ya kodi na makampuni. Mhadhiri wa kodi alikuwa mzee anayesinzia kati ya sentensi, na sisi tulikuwa kumi na mmoja darasani, wote tumevaa majaketi, kila mmoja na sababu yake ya kuwa pale. Nilipika uji asubuhi na ugali jioni. Nilipita yote mawili, si kwa alama za kujivunia.

Niliporudi Septemba nilimkuta mama shambani, kwenye mistari ya chai iliyo karibu na barabara, akichuma kwa mkono wa kushoto. Kikapu kilikuwa nusu. Wanawake wa Dorkasi walikuwa wamepanga zamu ya kumsaidia, wawili kila Jumatano, na yeye alikuwa akiwaacha, maana angewakatazaje? Mistari ya ndani, ile isiyoonekana kutoka barabarani, aliichuma mwenyewe kwa mikono yote miwili alfajiri. Watu aliwasalimu kwa kushoto, akiomba radhi kila mara, kwa sababu kwetu mkono wa kushoto haupewi mtu.

Nilimwambia miezi imetosha. Wagonjwa wa mkono hupona. Awaambie mkono umepona, wafurahi, mambo yaishe.

"Nimelifikiria hilo kabla yako," akasema. Aliketi kwenye ukingo wa shamba, akatazama barabarani, hakukuwa na mtu, akaikunja na kuikunjua ngumi yake ya kulia. "Nikisema nimepona, nitaitwa mbele kutoa ushuhuda. Wale waliniombea. Watataka nisimame niseme Mungu ameniponya mkono. Kanisa lote litasema amina."

"Useme kwa kifupi."

"Akina mama nimewadanganya, Mungu atanihukumu, ni sawa. Lakini siwezi kusimama pale mbele nimshukuru kwa kitu ambacho hakufanya." Akanyanyuka, akajifunga kikapu. "Kuwa mgonjwa ni rahisi. Mgonjwa haitwi mbele."

Nilijifunga kikapu kingine nikaanza mstari wa pili.

Hajapona mpaka leo. Fomu ya mwaka wa nne aliitia dole gumba. Siku ya mahafali alinipa shada kwa mkono wa kushoto, na katika picha zote mkono wa kulia umefunikwa na leso. Mimi sasa niko Kisii mjini, namalizia mafunzo katika ofisi ya wakili iliyo juu ya duka la vitambaa la familia ya Kihindi. Wazee hutoka Marani na hati za mashamba zilizokunjwa mara nne, nami huwaonyesha mahali pa kutia sahihi, huwatazama wakiandika, kisha nathibitisha kwamba nimewaona. Naifanya kazi hiyo vizuri. Mwezi ujao natarajia kujaza karatasi za kuomba kuapishwa, na kuna sehemu inayouliza kama kuna jambo lolote kuhusu mwenendo wangu ambalo lafaa kujulikana. Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi. Nafasi waliyoacha ni mistari miwili.

Wiki iliyopita mama alikuja kuniona ofisini. Alimsalimu bosi wangu kwa kushoto, akasema samahani, huu mwingine ni mgonjwa, na bosi akasema pole sana mama. Nikamwingiza chumbani kwangu, nikafunga mlango. Aliutazama mlango, akautoa mkono wa kulia kwenye leso, akaninyoosha kola ya shati, akanipangusa kitu shavuni kwa dole gumba, kama alivyokuwa akifanya nikienda shule. Mkono ulikuwa na joto na nguvu zake zote. Nikaushika. Nilitaka kumwambia kwamba nitaijaza ile mistari miwili, kwamba nitaandika kila kitu, na neno lilikuwa limekwisha kufika mdomoni.

Tukasikia mtu akipanda ngazi. Mama akauchomoa mkono wake, akaurudisha chini ya leso, nami nikalimeza lile neno; aliyeingia alinikuta nikiandika hati ya mteja.